Matairi Mapya na Upepo wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kuandika shajara. Sababu: mke wangu amesema akisikia mpango mwingine ukitoka kinywani mwangu, anahamia kwa mama yake. Basi mipango itakaa humu, kimya kimya.

Hali ni hii. Ushirika wa maziwa unatafuta pikapu ya kuteremsha madebe ya maziwa kutoka mlimani kila asubuhi. Kazi ya kudumu! Mwenyekiti wa ushirika, mama wa miwani minene asiyecheka hata akitekenywa, ametangaza leo kwamba waombaji tumebaki wawili. Jumamosi ya tarehe 15 kuna jaribio: madebe kumi na mawili yaliyojaa maji, kutoka ofisini, kuvuka mto mkavu, hadi kituo cha mlimani na kurudi. Yeye mwenyewe atapanda na daftari lake. Atakayekwama ajihesabu amejitoa.

Mwombaji wa kwanza: mimi. Wa pili: shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu. Mtu mtulivu mpaka anaudhi. Ukimfokea anakuuliza kama umekula. Pikapu yake ina rangi ya vumbi, kwa hiyo haoshi, na watu husema anaitunza.

Mke wangu amenipa masharti huku akitia uzi kwenye sindano. Pikapu ipate kazi ya kudumu mwezi huu, au iuzwe, na pale inapoegeshwa aweke cherehani ya pili na benchi la wateja. Aliniita "mume wangu". Huniita hivyo akiwa amekasirika tu.

Pikapu isiuzwe! Tangu niache kazi ya ghalani, ndicho kitu changu pekee ambacho watu huja kukiulizia. Nikiwa nayo, watu hunianza kwa salamu. Bila hiyo mimi ni mtu wa kutumwa vifungo. Naogopa, naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Nimelizunguka gari mara sita. Matairi yamekuwa vipara kabisa. Dawa ni moja: matairi mapya, ya njia zote.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa muuza matairi. Mtaa mzima unamwita Mhadhiri, na hawakumwonea. Nimemwambia nataka matairi. Akaniuliza gari linabeba nini, uzito gani, lami kiasi gani, mawe kiasi gani, mchanga je, matope je. Nilikuja kununua tairi, sikuja kuposa binti yake.

Akanionyesha aina tatu. Moja la lami, laini kama shavu la mtoto mchanga. Jingine la matope, meno makubwa kama matofali, nalo akasema likiwa barabarani linanguruma na kunywa mafuta. La katikati ndilo la njia zote: meno ya wastani, ubavu mgumu wa kustahimili mawe, barabarani halisumbui. Akasema nichukue hilo, kwa saizi ileile iliyoandikwa mlangoni mwa gari langu. Akafungua mlango wa dereva akanionyesha kibandiko. Miaka saba ninalo gari hili, sijawahi kukiona. Nikasema, "Aa, hicho," kama mtu anayekisoma kila asubuhi.

Kasoro ya tairi lile ni sura. Lina sura ya karani. Ukutani nyuma yake nikaona jingine, nalo la njia zote, ila saizi mbili juu, pana, lenye herufi nyeupe ubavuni. Tairi lenye kifua! Mhadhiri akasema hilo ni kubwa mno kwa gari langu. Nikamwambia hata suti yangu ya harusi ilikuwa kubwa mno, na ndoa ilifungwa.

Nimemwachia pikipiki yangu ya zamani, naye amenipa matairi manne. Amesema nikijuta nirudi wiki hii hii, mradi matairi yawe hayajatumika. Nijute nini? Gari limeinuka kama mtu aliyepandishwa cheo.

Jumatano, 5 Machi

Gari halikati kushoto.

Yaani linakata, lakini tairi la mbele linasugua madigadi kwa mlio wa bati linalochunwa, na harufu ya mpira inajaa ndani. Kulia kuna nafuu. Nimekaa nikafikiri kwa utulivu, nikagundua jambo ambalo wengi hawalijui: kulia mara tatu ni sawa na kushoto mara moja. Nimekwenda kununua vifungo vya mke wangu kwa njia hiyo. Duka liko mtaa wa pili. Nimetumia dakika hamsini. Nimepita mbele ya kinyozi mara nne, na mara ya nne wateja walitoka nje na mataulo shingoni kunipungia mkono.

Katika mzunguko mmojawapo nikakutana na shemeji. Akasimamisha gari, akauliza kwa upole kama nimepotea. Nikamwambia nazoeza matairi. Akayatazama, akasema ni mazuri, yanasomeka hata kwa mbali. Yanasomeka!

Nimefika nyumbani. Mke wangu amesema vifungo si rangi aliyonituma, nirudi. Nimerudi kwa miguu, na nimekata kushoto ninavyotaka.

Alhamisi, 6 Machi

Lazima matairi yarudi dukani. Ugumu uko hapa: Mhadhiri anataka matairi ambayo hayajatumika, na tairi jipya huwa na vinyweleo vya mpira, vile vinavyosimama kama ndevu za ujana. Vyangu vimekwisha kwa mizunguko ya jana.

Mpango! Nimeyaosha matairi yote kwa sabuni na mswaki. Mswaki wangu. Nimeusuuza baadaye, ingawa bado una ladha. Kisha nikachukua kibiringo cha uzi mweusi kwenye droo ya mke wangu, ule mnene wa kushonea mifuko. Nikakata vipande vifupi, nikabandika kwa gundi kimoja kimoja. Kazi ya kutwa nzima. Tairi la kwanza limetoka maridadi. La pili limetoka kama la kwanza likizeeka. Kwenye la tatu subira iliniishia nikabandika kwa mafungu. La nne lina masharubu.

Mke wangu alipita mara mbili. Hakuuliza ninafanya nini. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida, kama nimeuona uzi wake mweusi. Nikasema labda mteja kaubeba.

Ijumaa, 7 Machi

Mhadhiri alivaa miwani, akainama. Alivuta kinyweleo kimoja, kikaja. Akakivuta kati ya vidole viwili mpaka kikakatika. Akasema, "Bwana, huu uzi wa mifuko." Nikamjibu kwamba viwanda siku hizi vinajaribu vitu vingi.

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alikaa juu ya rundo la matairi akacheka mpaka miwani ikaanguka. Akamwita jirani yake muuza betri aje aone masharubu. Muuza betri akaja na wateja wake wawili. Nimesimama katikati yao nikijitia hamnazo. Mwishowe Mhadhiri amesema tangu aanze biashara hajaletewa tairi lenye ndevu, na kwa furaha hiyo atanibadilishia. Amenifungia yale ya kikarani, saizi ya kibandiko. Ila kama adhabu, akasema, sharti nisikilize mhadhara wote.

Nimeusikiliza nikiwa wima. Mwanzoni alieleza meno na ubavu, nikaelewa. Kisha akaingia kwenye mambo ya upepo: wa lami vipi, wa mchanga vipi, ukiwa na mzigo vipi. Hapo gundi ikawa inaniwasha vidole, nikaanza kubandua nyuzi zilizoganda kwenye ndevu zangu halisi. Niliitikia kila alipovuta pumzi. Nina hakika sikupitwa na la maana.

Gari linakata kushoto! Nimekata kushoto mara tisa kabla ya kufika nyumbani.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa shemeji kumpeleleza, kwa kisingizio cha kumjulia hali. Nimemkuta ameketi kibarazani anamenya chungwa. Matairi yake ni ya kawaida, meno yamelika nusu. Hana habari ya kuyabadilisha. Nimemuuliza amejiandaaje kwa Jumamosi. Akasema atalala mapema.

Atalala mapema! Hakuna mtu anayejiandaa hivyo. Lazima ana siri.

Nikaona nimpoteze njia. Nikamvika kilemba cha ukoka: dereva kama yeye, mkongwe, anastahili matairi ya lami, yale laini, membamba, yanayoteleza kwa heshima. Nikamweleza kwa nusu saa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanigawia nusu ya chungwa, akasema atalifikiria. Kisha akauliza kama dada yake hajambo na kama naweza kuwapokea yeye na mama yao kwa chakula cha mchana Ijumaa, kwa sababu mama anataka kuwepo siku moja kabla ya jaribio awaombee wanawe wote wawili.

Wanawe wote wawili. Nilikula chungwa lile kwa shida.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa fundi wa pancha kujaza upepo. Hoja yangu ni nyepesi: kitu kigumu ni chenye nguvu. Misuli ikiwa migumu ni nguvu. Mkate ukiwa mgumu hauliki. Basi tairi nalo likiwa gumu litapita popote. Fundi amejaza, nikamwambia ongeza. Ameongeza, nikamwambia ongeza. Akasimama mbali kidogo, akasema yeye ana watoto. Nimekuja kumalizia nyumbani kwa pampu yangu ya mguu. Nikilipiga teke tairi, linalouma ni dole gumba langu. Safi kabisa.

Mke wangu ameanza kupima pale mbele ya nyumba kwa futi yake ya kushonea. Amepima kuanzia bampa hadi ukutani. Alipomaliza ameandika kitu kwenye karatasi akaificha. Nimeumia sana kuliona lile.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefanikiwa!

Shemeji ameleta mama mkwe saa sita mchana. Ameegesha pikapu yake ubavuni mwa nyumba, chini ya dirisha la chumba cha cherehani. Wote walipoingia ndani na mke wangu akawa anapakua, nikasema naenda kunawa. Nikazunguka nje na njiti ya kiberiti.

Mpango ni rahisi: kumpunguzia upepo. Sitaki kumlaza kabisa, maana angeliona. Kidogo tu, matairi yawe laini, yalegee, kesho yazame akwame mbele ya Mwenyekiti. Nimefungua kofia ya valvu, nimebonyeza kwa njiti, nimehesabu polepole hadi themanini. Tairi la kwanza. La pili. La tatu. Upepo unatoka kwa mlio wa nyoka mwenye hasira.

Niko kwenye la nne, hesabu imefika arobaini, nikaona viatu. Viatu vya mama mkwe!

Mtu hawezi kumwamkia mama mkwe akiwa amechuchumaa. Nikainuka nusu, mkono mmoja kifuani kwa adabu, mwingine nyuma umeshikilia njiti, valvu inalia. Shikamoo mama. Akaitikia marahaba. Akauliza ni nini kinacholia. Akili yangu ikawa nyeupe kama shuka. Uongo wote nilioufuga miaka hii ukanikimbia kwa pamoja, na kinywa kikasema kweli: "Nampunguzia shemeji upepo kidogo, mama. Kwa ajili ya kesho."

Mama mkwe akanitazama. Macho yake yakajaa machozi. Akasema hakujua kama bado kuna watu wanaowashughulikia wapinzani wao namna hii. Akaniombea heri na maisha marefu. Ombi lake lilikuwa refu, na mimi nimeinama nusu. Alipomaliza tairi la nne lilikuwa limefika kama mia mbili na kumi.

Chakula nilikila kwa raha. Mke wangu peke yake ndiye aliyenipakulia bila kunitazama.

Jumamosi, 15 Machi

Aibu. Aibu tupu. Ila nitaandika yote.

Asubuhi, uwanjani mwa ofisi. Madebe yamepakiwa. Mwenyekiti akapanda kwangu na daftari, karani wake akapanda kwa shemeji. Niliomba nitangulie. Matairi yangu meusi, meno yanang'aa, magumu kama jiwe. Yake yamelegea, yametanuka chini kama mtu aliyevua viatu. Nilimhurumia kidogo, kusema kweli.

Barabara ya udongo tulikwenda vizuri, tukirukaruka kwa sababu ya ule ugumu. Miwani ya Mwenyekiti ilipanda hadi paji la uso mara tatu. Kisha tukafika mto mkavu. Mchanga mwembamba kama unga, upana wa kama hatua mia. Nikakanyaga mafuta kwa kujiamini.

Hatua ya ishirini gari likapungua nguvu. Nikakanyaga zaidi. Tairi la njia zote likachagua njia ya kwenda chini. Nilisikia mchanga unapiga madigadi, madebe yanagongana nyuma, maji yanatiririka mgongoni mwa gari, halafu tukatulia kabisa. Bampa limelala mchangani.

Mwenyekiti alirudisha miwani puani. Kisha akauliza, "Tumefika?"

Nilitoka nikaanza kuchimba kwa mikono. Hapo shemeji akaja nyuma yetu. Hakuongeza mwendo, hakupunguza. Alipita pembeni yetu juu ya mchanga uleule, tairi limelala pana, kama anakwenda kumsalimia jirani. Alinipungia mkono. Nikamwona anapanda mlima mpaka akapotea kwenye kona. Nimechimba nusu saa. Kichwani niliona kibao cha "INAUZWA" kwenye kioo cha gari langu, kwa mwandiko wa mke wangu, na cherehani ya pili imesimama mahali pake. Karibu nilie. Nafuta neno "karibu".

Shemeji alirudi, madebe yake yamejaa hadi shingoni. Nilidhani atanipita tena. Alisimama ng'ambo kwenye ardhi ngumu, akaja kwa miguu, akachuchumaa kwenye tairi langu la mbele. Akaligonga kwa vidole. Likalia kama ngoma.

"Shemeji," akasema, "yangu uliyapunguza vizuri namna ile, ukayasahau ya kwako?"

Mwenyekiti akateremka. Akauliza nani kapunguza nini. Ndipo shemeji akaeleza mbele yake, mbele ya karani, na mimi nimesimama na mchanga hadi kwenye nyusi. Kwamba mchangani upepo upungue, tairi litandae, libebe gari badala ya kuchimba. Lami ndiyo inayotaka upepo ujae. Kwamba yeye kwa uzee wake angesahau, lakini mama alinikuta mimi shemeji yake nimechuchumaa juani nimeacha chakula, nampunguzia tairi moja baada ya jingine. Na la nne nilimpunguzia zaidi, akasema, kwa sababu ndilo lililo upande wenye mzigo. Hata hilo, akasema, nililiona.

Akatoa upepo kwenye matairi yangu yote manne. Nikawasha gari. Likatoka! Bila kamba, bila kusukumwa. Likapanda mlima wote kwa utulivu, mawe yanabingirika na tairi linashika. Mwenyekiti aliandika njiani kote. Sikuthubutu kutazama daftari.

Jumapili, 16 Machi

Mwenyekiti amekuja nyumbani mwenyewe. Mke wangu alimkaribisha kwenye benchi la wateja. Mwenyekiti amesema kwa kanuni mimi nimekwama, kwa hiyo kazi ni ya shemeji. Lakini, akasema, shemeji amekataa kuifanya peke yake. Ameomba tugawane: wiki yangu, wiki yake, na wiki ya kwanza nianze mimi. Na ushirika umekubali, maana umeona kwamba madereva wanaotengenezeana magari ni bora kuliko dereva mmoja mzuri.

Kazi ya kudumu! Pikapu inabaki!

Nilipomsindikiza Mwenyekiti nikarudi, mke wangu alikuwa ameketi kwenye cherehani bila kushona. Akasema nikae. Nikakaa.

"Jana yote nimewasikia wakikusifu," akasema. "Mimi Ijumaa niliacha kupakua, nikasimama dirishani. Ulihesabu hadi themanini, tairi la kwanza, la pili, la tatu. Nilihesabu pamoja nawe."

Akasema mama yake amefurahi hivi kwamba ametangaza kwa majirani, na kaka yake anadhani amepata ndugu. Hatawaharibia furaha yao. Atanyamaza. Ila niahidi jambo moja: sitamtolea tena upepo kaka yake. Nimeahidi. Kisha akarudisha ile karatasi ya vipimo kwenye droo, akatoa kibiringo kitupu cha uzi mweusi akakiweka mbele yangu, akaendelea kushona.

Nimeona haya kama sijawahi kuona. Nimeketi nyuma ya nyumba nimejishika kichwa. Shemeji ni mtu mwema na mimi ni mtu duni. Nimeamua kubadilika kuanzia leo saa kumi jioni.

Jumatano, 19 Machi

Wiki yangu inakwenda vizuri mno. Kila asubuhi mto mkavu, mlima, madebe, ofisini kabla jua halijachoma. Wakulima wananisubiri na kuniita dereva. Jumatatu shemeji alikuja kunionyesha kiasi cha kupunguza upepo. Nimemwacha apunguze, kwa kuwa inampa furaha. Mimi najua siri ni matairi. Nilichagua vizuri. Sura ya karani, moyo wa simba.

Ile haya ya Jumapili imepungua. Jana ilinishika kidogo wakati wa kunywa chai. Leo sijaisikia.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua kubwa imenyesha mlimani, mto umejaa. Ushirika umebandika tangazo: kuanzia Jumatatu maziwa yatapita njia ya kuzunguka, barabara kuu ya lami, ndefu zaidi. Nimelisoma tangazo. Chini wameandika majina ya madereva wa ushirika. Jina la shemeji liko juu. Langu liko chini.

Nimeuliza karani kwa nini. Amesema ni mpangilio tu, hauna maana. Kama hauna maana, mbona hawakuupanga vingine? Nimesimama mbele ya ubao ule mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Wiki nzima nimebeba maziwa mimi, sijamwaga hata tone, na wa juu ni yeye! Nusu ya kazi ni nini? Ni kama nusu ya chungwa. Nimelala mchana nikiwa na hasira.

Jumapili, 23 Machi

Shemeji yuko hapa kwa chakula cha mchana, kamleta na mama mkwe. Kesho inaanza wiki yake. Matairi yake bado ni laini tangu siku ya jaribio, nimeyabonyeza kwa kidole nikipita. Mezani alikuwa akilalamika jambo fulani kuhusu safari ya kesho, lami, na mafundi wa pancha kufunga Jumapili. Sikumsikiliza, nilikuwa nafikiri.

Nimetafakari sana kosa langu la Ijumaa ile, na nimelipata. Nilimtolea upepo. Ndiyo maana alipita! Mwenyewe aliniambia mbele ya watu: upepo ukipungua gari linapita. Na mimi niliyejaza kama jiwe nikakwama. Somo limeingia kichwani, na sitalisahau maisha yangu yote.

Nilimwahidi mke wangu kwamba sitamtolea tena upepo kaka yake. Mimi ni mtu wa ahadi. Leo sitoi hata chembe. Naongeza.

Yuko ndani anacheka na mama mkwe. Mke wangu amekwenda kumpelekea mteja gauni, dirisha limefungwa. Pampu ya mguu iko mkononi. Nitayajaza mpaka yalie kama ngoma, yote manne, halafu kesho tuone atafika wapi na lami yake. Nimeshaweka kamba nyuma ya gari langu, akikwama nitakwenda kumvuta. Mimi si mtu mbaya.